Kesi siyo kokoro: unaweza kuwadai wangapi kwenye kesi moja?

Mwangaluka wasomaji wangu wa kanda ya ziwa, na nyie mnaosoma kutoka mbali habari zenu. Mwezi huu sijui mmekaa kikao, manake meseji karibu zote zinauliza kitu kimoja, kila mtu ana watu wawili watatu anaotaka kuwapeleka mahakamani na anataka kujua kama anawafunga kamba moja au kila mmoja na kesi yake. Nimechagua tano. Sehemu na mambo mengine nimeyageuza kidogo ili mtu asije akatambulika sokoni akanilaumu mimi.

Kabla hatujaanza, kwenye kesi ya madai hamna mshtakiwa. Mshtakiwa ni wa jinai. Huku kwetu kuna mdai na mdaiwa, wakiwa wengi wanapewa namba, mdaiwa namba moja, namba mbili, hivyo hivyo, na hiyo namba haimaanishi nani ana kosa kubwa, ni mpangilio tu wa kwenye karatasi, kwahiyo yule mzee aliyenipigia kulalamika kwanini yeye ni namba moja wakati mwenzake ndo mwizi, mzee wangu tulia.

*Wakili, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 41, nauza dagaa, nachukua Mwaloni Kirumba napeleka Misungwi. Mwezi wa pili mwaka jana nilipanda Haisi, magunia yangu sita yako juu ya keria, tumefika Buhongwa lori la mchanga likatugonga ubavuni. Mguu umevunjika sehemu mbili, dagaa wote wakamwagika lami watu wakazoa. Dereva wa Haisi anasema lori lilihama njia, wa lori anasema Haisi ilichomekea. Haisi ina tajiri yake na lori lina tajiri yake. Kijana mmoja anayekatisha bima kaniambia nifungue kesi mbili, ya Haisi kivyake na ya lori kivyake. Nina hela ya kesi moja na yenyewe ni ya kuchanga. Siwezi kuwaweka wote humo humo?*

Marahaba mama, pole sana na mguu. Unaweza, tena ningekuwa mimi ningewaweka wote wanne, madereva wawili na matajiri wawili, kesi moja.

Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ile ya mwaka 1966, ina sehemu inaitwa Amri ya Kwanza, humo ndo kuna habari zote za nani aingie kwenye kesi na nani atoke. Kanuni ya 3 inasema unaweza kuwaunganisha wadaiwa wengi kama mambo mawili yamekutana. La kwanza, unachowadai kimetokana na tukio lilelile, au muamala uleule, au mfululizo wa matukio yanayoshikana. La pili, ungesema uwafungulie kesi tofauti tofauti kuna swali moja lingejirudia kwenye kila kesi, liwe swali la sheria au la jambo lilivyotokea. Sasa wewe tukio ni moja, Buhongwa, siku moja, dakika moja. Na swali ni moja, nani alimfuata mwenzake kwenye njia yake. Umepita.

Halafu kuna kanuni ya 7 ambayo naona kabisa kama iliandikwa kwa ajili ya abiria wa Haisi. Inasema kama mdai ana mashaka ni nani hasa anapaswa kumlipa, anaruhusiwa kuwaunganisha wawili au zaidi ili mahakama iamue ni yupi kati yao na kwa kiasi gani. Wewe ulikuwa umekaa siti ya nyuma umebanwa na watu wanne, utajuaje nani alihama njia? Sheria haikudai ujue. Unasema tu wazi kwenye hati ya madai kwamba mmoja wao au wote walizembea.

Na huyo kijana wa bima, sijui kwanini kakushauri vile lakini angalia kinachotokea ukimsikiliza. Unafungua kesi ya Haisi peke yake, dereva wa Haisi anasimama anasema lori ndo lina kosa, mwenye lori hayupo kubisha, hakimu anaona kweli bwana, unashindwa. Unaenda kwenye kesi ya lori, dereva wa lori naye anasema Haisi, mwenye Haisi hayupo kubisha, unashindwa tena. Umeshindwa mara mbili kwa ajali moja, na hakuna hakimu aliyekosea, kila mmoja ameamua kwa ushahidi uliokuwa mbele yake. Wakiwa chumba kimoja watarushiana wao kwa wao wewe umekaa unasikiliza, na mawakili wao ndo watakufanyia kazi ya kuchimba uzembe wa mwenzao.

Mwisho wa siku kanuni ya 4 inamruhusu hakimu kutoa hukumu dhidi ya mmoja, au wawili, au wote, kwa kadiri kila mmoja anavyohusika. Akikuta wote wamezembea na mguu umevunjika mmoja huohuo, unaweza kudai fidia yote kwa yeyote kati yao, halafu yule aliyelipa ndo amfuate mwenzake amrudishie sehemu yake, ugomvi wao huo haukuhusu.

Matajiri wanaingiaje? Wanaingia kwa sababu mwenye gari anabeba kosa la dereva aliyemwajiri akiwa kwenye kazi yake. Lakini usiandike tu jina, lazima hati ya madai iseme dereva alikuwa mwajiriwa wake na alikuwa kazini siku hiyo. Na hapa Mwanza kuna ugonjwa mmoja, gari inauzwa mara tatu kadi haijabadilishwa jina. Unakuta kadi inasoma mtu wa Shinyanga, hesabu ya jioni inapelekwa kwa mama mmoja Mkolani. Usihangaike kubahatisha, weka wote wawili, kanuni ya 7 ileile, wataonyeshana mikataba ya mauziano hukohuko.

Kampuni ya bima je? Bima ndogo ni lazima kisheria kwa kila gari ya barabarani na kazi yake ni kukulipa wewe uliyeumizwa, ila mkataba ni wa tajiri na kampuni yake, wewe haumo. Kwahiyo usikimbilie kuifanya mdaiwa namba tano. Iandikie barua mapema, mara tu unapofungua kesi au kabla, uwaambie nafungua kesi hii dhidi ya mteja wenu, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukishapata hukumu dhidi ya tajiri ndo bima inabanwa ilipe. Ile barua isipokuwepo watakuja kusema hatukujua.

Muda: madai ya uzembe kama haya ni miaka mitatu tangu siku ya ajali, ikipita hata siku moja mlango umefungwa. Mwaka jana mwezi wa pili, hesabu vidole.

Mahakama ya Mwanzo haiwezi hii, nenda ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Halafu magunia. Mguu una PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na karatasi za hospitali, kuna ramani ya ajali ya trafiki na ripoti ya ukaguzi wa magari, sawa, lakini magunia sita ya dagaa hiyo ni hasara inayotajwa kwa bei, mahakama inaita fidia mahsusi na inataka uthibitisho wa kila shilingi. Umenunua kwa nani, bei gani gunia, ushuru wa Mwaloni ulilipa kiasi gani, risiti iko wapi, kama risiti imepotea yule aliyekuuzia yuko tayari kuja kusema? Maumivu ya mguu hakimu atayakadiria mwenyewe, dagaa hakadirii.

*Habari kaka wakili. Mwaka 2019 nilinunua kiwanja Buswelu kwa baba yangu mdogo, tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikaenda kutafuta maisha Geita, narudi nakuta msingi umenyanyuliwa, kumbe baba mdogo amemuuzia mtu mwingine. Nataka kumfungulia kesi huyo mnunuzi wa pili tu aondoke. Baba mdogo sitaki kumgusa, ni mtu mzima na ukoo utanitenga. Na je niiweke halmashauri na yule mwenyekiti aliyegonga muhuri mara mbili?*

Salama kaka. Yako hii nimeisoma mara mbili, ni ngumu kuliko ya mama wa dagaa, siyo kwa sheria, kwa moyo. Najua uzito wa kumwita mtu baba asubuhi halafu saa nne karani anamwita mdaiwa namba moja na wewe ndo umempa hiyo namba. Lakini bila baba mdogo hamna kesi hapo.

Kuna watu wanaoweza kuunganishwa na kuna watu ambao ni lazima waunganishwe. Wa kwanza ukiwaacha kesi inaenda. Wa pili ukiwaacha unajenga nyumba bila nguzo. Mahakama ya Rufani mwaka 2018 iliweka maswali mawili ya kumpima mtu wa lazima: je, kuna haki unayoidai dhidi yake kwenye jambo hilo? Na je, mahakama inaweza kutoa amri yenye nguvu yeye akiwa hayupo? Muweke baba mdogo kwenye hayo maswali. Mnunuzi wa pili atasema mimi nilinunua kihalali kwa mwenye mali na karatasi hii hapa. Nani atasema alikuwa bado na mali ya kuuza au hakuwa nayo? Baba mdogo. Ukishinda bila yeye, hiyo hukumu haimfungi, kesho anamuuzia wa tatu. Na hili siyo geni, kuna uamuzi wa mwaka 1983 unaotajwa mpaka leo kwamba anayedai ardhi iliyouzwa lazima muuzaji na mnunuzi wawemo wote kwenye kesi, na kumuacha mmoja kunaua shauri.

Utaniambia mbona kanuni ya 9 inasema kesi haifi kwa sababu tu ya kuunganisha vibaya au kuacha kuunganisha mtu. Kweli inasema, na kanuni ya 10 inaruhusu mahakama kumuongeza mtu wakati wowote, hata yenyewe bila kuombwa. Ila kwa mtu wa lazima usiitegemee sana hiyo. Nimeona shauri la kiwanja lililoanza kwenye baraza la ardhi, likashinda, likaenda Mahakama Kuu, likashinda, lilipofika Mahakama ya Rufani majaji wakauliza swali moja tu, muuzaji yuko wapi? Wakafuta kila kitu wakasema muanze upya. Mdai alikuwa ameanza ana nywele nyeusi.

Sasa ukoo. Tangu mwaka 2021 Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi mgogoro wa umiliki mpaka baraza la kata lithibitishe kwamba lilijaribu kuwapatanisha likashindwa, na lina siku 30 za kujaribu. Watu wengi wanaona ni usumbufu wanapita hapo kama wanapita geti. Wewe usipite hivyo. Pale kata hamna mdaiwa namba moja, kuna wazee wamekaa kwenye mabenchi, baba mdogo anaweza kukaa akasema hela niliila kwa shida hii na hii, na mnunuzi wa pili akasikia, na pengine akakubali kurudishiwa hela yake na gharama ya msingi. Isipowezekana unachukua karatasi ya kata unaenda wilayani ukiwa na majina yote mawili. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, hujachelewa, ila msingi ukishakuwa ukuta mambo yanazidi kuwa magumu.

Halmashauri, hapo ndo watu wanajimaliza. Ukiiunganisha halmashauri, hata kama ni mdaiwa namba nne wa kusindikiza, kesi yako inabadilika yote. Lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Lazima Mwanasheria Mkuu naye aunganishwe, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 sheria inasema wazi usipomuunganisha mwenendo wote ni batili. Na kesi inaenda Mahakama Kuu, siyo barazani tena. Yote hayo kwa sababu ya mhuri? Kwahiyo jiulize unataka nini kwao. Kama huyo mnunuzi ana karatasi ya mauziano tu kama wewe, halmashauri haina kazi humo. Kama ameshapata hati miliki na unataka ifutwe, hapo huna ujanja, siku 90 zianze kuhesabiwa.

Na mwenyekiti wa mtaa muache. Najua anakuudhi. Lakini hakuuza, hakununua, humdai kitu, ila ndiye aliyeona karatasi yako ya 2019 kwa macho yake. Huyo ni shahidi, na ukimfanya mdaiwa unamgeuza kuwa adui anayetafuta namna ya kusahau.

*Kaka, kuna jamaa wa Nansio alichukua injini yangu ya mtumbwi kwa mkopo, na mwingine wa Sengerema alichukua nyavu kwa mkopo, wote wamenipiga chenga. Si niwaunganishe nilipe ada mara moja?*

Hapana. Mmoja injini mwingine nyavu, mmoja mwaka juzi mwingine mwaka huu, hawajuani, hawakuahidi pamoja, ukithibitisha kwamba wa Nansio anadaiwa haisaidii chochote kujua kama wa Sengerema naye anadaiwa. Kinachowaunganisha ni hasira yako tu na hasira haimo kwenye kanuni ya 3. Kesi siyo kokoro ndugu yangu, ile nyavu inayokokota kila kitu kuanzia sangara mpaka vifaranga, ndo maana ziwani wameipiga marufuku. Ungekuwa unamdai huyo mmoja wa Nansio injini na pia nyavu, hapo ruksa, mtu mmoja madai mawili yanaingia kesi moja.

Na hata pale ambapo inaruhusiwa, wengi siyo bure. Nilikuwepo kwenye kesi moja ya ukuta ulioangukia duka, mdai alikuwa na wadaiwa kumi na mmoja, aliweka mpaka fundi aliyepaka rangi. Kila mmoja lazima apelekewe samansi yake mkononi, mmoja akawa visiwani, mwingine alishahama, ikabidi kuomba kutangaza gazetini. Kesi inaitwa, wa tisa hajapata wito, inaahirishwa. Ilipoanza kusikilizwa, mawakili watano, kila mmoja ana zamu ya kumhoji mdai, yule baba alisimama kizimbani mpaka akaomba kiti. Mwisho watatu ndo wakakutwa na kosa, wale wanane waliobaki wakaomba gharama zao za kesi, na wakapewa.

*Wakili, nilimkopesha shemeji yangu milioni 36 za vizimba vya samaki, mkataba upo, wadhamini wawili walisaini kwamba asipolipa watalipa wao. Shemeji hana kitu sasa hivi, samaki walikufa. Mdhamini mmoja yuko Geita hana shida, ana maduka. Mwingine yuko hapa Kirumba. Naweza kumfuata wa Geita peke yake? Na kesi naifungulia wapi?*

Dada, ndiyo unaweza. Kanuni ya 6 inasema wanaowajibika kwenye mkataba mmoja, iwe kwa pamoja au kila mmoja peke yake, mdai anachagua mwenyewe, wote au baadhi. Na kwenye sheria ya mikataba mdhamini anabeba mzigo sawa na mkopaji, labda mkataba wenu uwe umesema vingine, kwahiyo kwanza usome. Kama kuna mstari unasema mdhamini atadaiwa baada ya mkopaji kushindwa kulipa hukumu, umebanwa na huo mstari.

Ila nikuulize kitu. Ukimfuata wa Geita peke yake atalipa, halafu yeye atamgeukia shemeji yako adai chake chote, na yule mwenzake wa Kirumba adai nusu. Anaweza hata asisubiri, akaomba kibali cha mahakama akawaleta hao wawili kama watu wa tatu ndani ya kesi yako hiyohiyo. Kwahiyo shemeji ataingia tu, kama hoja yako ni kumkwepa dada yako asikasirike haitasaidia. Mimi ningeweka watatu. Hukumu ikitoka unaikazia, yaani unaomba mahakama imlazimishe kulipa, kwa mwenye maduka, na shemeji akija kuvua tena, hukumu yako bado ipo.

Mahali: unaweza kufungua pale mdaiwa yeyote kati yao anapoishi au anapofanya biashara, hapa Mwanza inafaa, mradi mahakama itoe ruhusa au yule wa Geita asipinge. Na mkataba kama ulisainiwa hapa na hela ilitolewa hapa basi hata hilo la ruhusa halikusumbui, chanzo cha madai kiko hapahapa. Milioni 36 ni zaidi ya kiwango cha Mahakama ya Mwanzo kwa deni kama hili, ambacho ni milioni 30, kwahiyo Wilaya. Una miaka sita kwenye mkataba lakini maduka yanafungwaga.

*Shikamoo wakili, mimi ni kijana nilikuwa nakaa stoo kwenye kampuni moja ya vinywaji hapa mjini. Kampuni ilichukua mzigo kwa mtu haikulipa. Nimeletewa samansi juzi, mdaiwa namba moja kampuni, namba mbili mkurugenzi, namba tatu mimi, eti kwa sababu nilisaini kupokea mzigo. Nimeshaacha kazi. Mama anasema nisiende, nikikaa kimya jina langu litatoka lenyewe.*

Marahaba. Mwambie mama namheshimu lakini hilo hapana. Jina halitoki lenyewe. Ukikaa kimya kesi itasikilizwa upande mmoja dhidi yako, wenzako watajitetea, na hukumu itaandikwa na jina lako ndani, halafu siku moja unamuona dalali wa mahakama mlangoni anahesabu viti.

Una siku 21 tangu siku uliyopokea hiyo samansi kupeleka utetezi wako wa maandishi. Humo sema uliyoniambia mimi, kwamba ulipokea mzigo kama mfanyakazi kwa niaba ya kampuni, hukuahidi kulipa, hukununua. Kampuni ni mtu kisheria, ina deni lake yenyewe, siyo la mtunza stoo, na kwa kawaida wala siyo la mkurugenzi mfukoni mwake labda kuwe na kitu cha ziada kama alidhamini au alitapeli. Ingekuwa ni jina la biashara tu la mtu mmoja, hapo ni yeye mwenyewe anayedaiwa.

Halafu omba jina lako liondolewe. Kanuni ya 10 inampa hakimu uwezo wa kumtoa mtu aliyeunganishwa vibaya, kesi ikabaki na kampuni. Usitegemee kwamba ukishinda hilo kesi yote itafutwa, haifutwi, wewe ndo unatoka. Ila lisemee mapema. Kanuni ya 13 inasema pingamizi la kuunganishwa vibaya litolewe mwanzoni kabisa, kabla au wakati mahakama inapanga hoja zinazobishaniwa, ukinyamaza mpaka mashahidi wameanza inahesabika umekubali. Ukitolewa omba na gharama zako, hata kama ni nauli na kuchapisha.

Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama tangu 2021, kwahiyo andika kama ulivyoniandikia mimi, kwa aya zenye namba, ukijibu kila aya ya madai yake, hii nakubali, hii nakataa kwa sababu hii. Kama una nakala ya ile hati ya kupokelea mzigo yenye nembo ya kampuni juu, ambatanisha, hiyo peke yake inaongea sana. Kama huna, yule uliyemkabidhi stoo wakati unaondoka muulize leo. Na tarehe uliyopokea samansi iandike hapo pembeni kwa kalamu, manake umesema juzi, na juzi ya meseji yako mimi nimeisoma wiki iliyopita.